Mpishi Aliyeezua Nyumba Yake

Mpishi alikuwa na desturi ya kugonga vitu. Akipita shambani akiona boga, atainama, aligonge kwa kifundo cha kidole, kisha atege sikio. Aligonga mitungi ya wauzaji sokoni, akagonga milango ya watu hata ikiwa wazi, na watoto wa jirani aliwagonga utosini kwa upole akiwauliza kama wameshaiva. Katika jiko la mapadre, alikofanya kazi miaka mingi, mkate haukutoka kwenye tanuri mpaka augeuze, augonge chini, na uitike.

"Kitu kilichoiva kinajibu," alikuwa akituambia. "Kibichi kinanyamaza."

Mimi nilifika huko Iringa nikiwa mke mgeni. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule, na tulitoka Rungwe, upande wa Mbeya. Nilijua Kinyakyusa na Kiswahili cha darasani. Kihehe nilikuwa na neno moja tu la salamu, "kamwene," nalo nililitumia asubuhi, mchana na jioni, hata pale lilipokuwa halitakiwi. Nyumba yetu na ya Mpishi zilitenganishwa na ua wa mabua ya mahindi. Siku tuliyohamia alikuja na kipande cha mkate amekifunga ndani ya aproni yake, akaniuliza kwetu tunakula nini. Nikamwambia ndizi.

"Pole sana," alisema, na alimaanisha.

Kila mtu alimwita Mpishi. Mke wake, Mama Imelda, alimwita "baba Imelda" siku za kawaida. Akiwa na hasira alimwita Mpishi kama sisi wengine, na hapo tulijua nyumba ile haina amani.

Alikuwa mtu wa mambo yanayopingana. Mapadre aliwapikia makaroni ya mayai na nyama ya kuoka, lakini nyumbani kwake hakuruhusiwa kushika mwiko. Alijaribu mara moja, Mama Imelda akiwa amejifungua, na kwa mlo mmoja akamaliza kuni za wiki nzima. Yeye mwenyewe hakutamani vyakula vya mapadre. Alisema vile ni vyakula vya watu wasiolima. Alichopenda ni ugali na mboga za majani, akivila kimya, macho ameyafumba. Tena alijitangaza kuwa hanywi ulanzi, pombe ya mianzi. Yeye anaonja tu. Msimu wa mianzi ulipofika alionja kwa mabwana watatu kabla hajafika kwake, na jioni hizo tulimsikia akija na wimbo wa kanisani, Kilatini chote kimepinda.

Kunong'ona hakujua kabisa. Alikuwa amezoea kusema juu ya mvumo wa moto. Akiwa na siri atakuvuta mpaka nyuma ya nyumba, atazame kushoto na kulia, kisha aiseme kwa sauti ambayo hata wachota maji bondeni waliisikia.

Mtu mmoja tu aliweza kumnyamazisha, naye ni mama mkwe wake.

Kwetu Unyakyusa mwanamke ndiye anayemkwepa baba mkwe. Mimi mwenyewe niliwahi kulala kifudifudi ndani ya maharage mpaka baba wa mume wangu apite njiani. Huku nilikokuja, waliokwepana zaidi walikuwa mwanamume na mama wa mkewe. Hawakutazamana, hawakula pamoja, hawakusemezana. Mpishi akimwona yule bibi anakuja, hata kama yuko katikati ya sentensi, anaiacha hapo hapo na kutokomea nyuma ya mti. Walikuwa wakisali kanisa moja, kila mmoja upande wake, na sidhani kama katika miaka hiyo yote alikuwa ameuona uso wa bibi huyo.

Bibi aliishi peke yake ng'ambo ya bonde. Kiangazi kimoja, mchana, cheche ilitoka jikoni kwake ikaruka juu ya nyasi za paa. Upepo ulikuwa mkali. Watu walipofika na ndoo, nyumba ilishakuwa kuta nne na majivu. Bibi alikuwa amekaa kwenye kisiki na vitu viwili alivyookoa, jembe na kuku mmoja. Hakulia. Aliwaambia wamwagie maji ghala la jirani, maana nyumba yake imeshakwisha.

Mama Imelda akamleta kwake. Na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu Bibi alifika mlangoni, akainua macho akaona nyasi, akageuka. Alisema hatalala tena chini ya kitu kinachoungua. Tukadhani ni mshtuko, utapita. Haukupita. Alitandika mkeka nje, kando ya ukuta, akajifunika mablanketi mawili, na baridi ya Iringa kila mtu anaijua. Asubuhi nywele zake zilikuwa na umande. Baada ya siku chache akaanza kukohoa.

Watu wakaanza kusema. Mkwe wa Mpishi analala nje kama mlinzi. Kwa mwanamume aliyekaa mji ule hapakuwa na aibu kubwa zaidi, na kibaya zaidi ni kwamba hakuweza hata kwenda kumbembeleza. Angembembelezaje mtu asiyeruhusiwa kumtazama?

Bibi ndiye aliyepata njia. Aliniita asubuhi moja nikiwa natwanga.

"Mama Mwalimu, wewe siyo wa hapa."

"Ndiyo, bibi."

"Basi desturi yetu haikukamati. Nenda nyuma ya nyumba, mwambie yule bwana mimi sina ugomvi na yeye. Nina ugomvi na nyasi."

Nikazunguka ukuta. Mpishi alikuwa amesimama kule nyuma, ameukabili mpini wa jembe kana kwamba anausalimu.

"Bibi anasema—"

"Nimesikia," alisema. "Lakini sema wewe."

Nikasema. Akafikiri kidogo.

"Mwambie mama nitaezua."

Nikarudi. Bibi alikuwa akichambua mboga.

"Amesema ataezua."

"Nimesikia, nina masikio. Muulize akishaezua ataezeka na nini. Na mawingu?"

Tangu siku hiyo nikawa mjumbe wao. Walikuwa hatua kumi mbali, ukuta katikati, kila mmoja akimsikia mwenzake vizuri kabisa, lakini hakuna aliyejibu mpaka mimi nifike na maneno yale yale mkononi. Nilikuwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza, na nadhani mwendo ule wa kuzunguka nyumba ndio uliofanya nijifungue bila taabu.

Bati lilikuwa la wenye maduka mjini. Mpishi hakulifikiria hata dakika moja. Alichokuwa nacho ni dirisha. Kwa miaka yote ile ya kukanda unga alikuwa ametazama nje ya dirisha la jiko, na dirisha lile lilielekea majengo ya misheni yenye vigae vyekundu. Vilikuwa vimefinyangwa na kuchomwa hapo hapo na watu wa zamani. Tanuru lao bado lilikuwepo nyuma ya bustani, limeota majani. Bruda mmoja mzee alimpa ruhusa ya kulitumia na kalibu ya mbao ya kufinyangia iliyobaki stoo.

Mume wangu alimshauri atafute fundi.

"Mwalimu," Mpishi alijibu, "fundi akishashuka anakwenda kulala kwake. Paa likivuja, nani analowa? Mimi. Basi mimi ndiye nipande."

"Umewahi kuezeka kwa vigae?"

"Sijawahi. Hata makaroni nilikuwa sijawahi."

Aliufanyia kazi udongo kama unga, kwa sababu ndio ujuzi aliokuwa nao. Aliuchota kule bondeni penye kinamasi, akaumwagia maji, akaukanyaga kwa miguu, suruali imekunjwa mpaka magotini. Aliuacha ulale usiku kucha chini ya gunia bichi, eti uchachuke. Vigae vya kwanza alivianika juani, vyote vikapasuka kabla ya saa sita. Akavitazama, akasema, "Kitu kibichi hakikimbizwi," na kesho yake akajenga uani kwake kibanda cha kuvikaushia kivulini, akakifunika kwa matawi mabichi ya miwati.

Kigae cha majaribio alikichoma ndani ya tanuri ya mkate. Kisa hiki alikisimulia mwenyewe, nami nakiamini kwa sababu hakikumpa sifa. Padre mkuu aliingia jikoni bila hodi, akavutwa na harufu, akafungua mlango wa tanuri.

"Hiki ni nini?"

"Ni kigae, Padre."

"Na mkate?"

"Mkate uko nyuma yake, Padre. Unasubiri zamu."

Anasema Padre alikaa kitini akacheka mpaka akavua miwani. Wiki ile mapadre walikula mkate wenye harufu ya udongo wa mfinyanzi, na hakuna aliyelalamika.

Baada ya hapo akahamia kwenye tanuru kubwa. Kila siku akitoka jikoni alikwenda moja kwa moja bustanini, na Jumamosi alishinda kule. Nusu ya vigae vilitoka vyekundu na vizuri. Vingine vilitoka vyeusi, vingine vimeshikana kama maandazi yaliyotupwa pamoja kwenye mafuta. Alikaa chini akavigonga kimoja kimoja. Vilivyojibu aliviweka kulia, vilivyonyamaza kushoto. Vya kushoto alivipanga kwenye njia ya kisimani, na mvua zile hatukuteleza.

Kuezua alikuambatanisha na maneno mengi siku moja kabla, lakini siku yenyewe alipanda kimya. Tangu alfajiri alitupa nyasi chini fungu baada ya fungu. Panya walikimbilia kwetu. Masizi ya miaka yalimgeuza akawa mtu tusiyemjua, meno tu. Ndani ya nyasi juu ya kitanda chake alikuta wembe wake, rozari ya Mama Imelda, na uma mmoja wa mapadre.

Huo uma ulimteremsha. Miaka miwili nyuma uma ulipotea jikoni, na yeye alimtuhumu mwenzake, mwosha vyombo, mbele ya watu. Sasa alikumbuka alivyouleta mwenyewe nyumbani kuwaonyesha watoto jinsi Wazungu wanavyokula, na kumbe panya waliuburuta juu. Hakunawa. Alikwenda na masizi yake hivyo hivyo mpaka kwa mwosha vyombo, akampigia magoti mlangoni, akamnyooshea uma. Yule bwana, mkewe alisema, alipiga kelele akidhani ni shetani. Kisha walirudi wawili, wakamalizia kuezua pamoja.

Hapo nyumba ikabaki mifupa. Seremala wa kijiji alipita, akatikisa nguzo ya mlango, akasema kuta hizi za matofali mabichi zilijengwa kubeba nyasi. Zikibebeshwa udongo uliochomwa zitaachia. Mpishi alimshukuru na hakumsikia.

Kosa lake, hata hivyo, lilikuwa jingine, na lilitokana na majivuno. Upande wa mashariki wa paa ulielekea barabara. Alitaka wapita njia waone. Basi akaupanga huo wote kwanza, mstari juu ya mstari, kuanzia chini kwenda juu kama inavyotakiwa, na upande wa magharibi akauacha mtupu. Ulipendeza kweli. Watu walisimama barabarani. Yeye alikuwa amekaa kileleni, miguu huku na huku, akiwaeleza namna ya kuchagua udongo, na tukasikia mlio kama wa mtu anayenyoosha mgongo. Paa zima liliinama upande wa mashariki. Halikuanguka. Liliegemea tu, na ukuta ukapata ufa unaoingia kidole.

Mpishi alishuka pole pole sana. Sijawahi kuona mtu akishuka ngazi kwa adabu namna ile.

Mama Imelda hakumgombeza. Aliingia ndani, akakunja mikeka, akachukua watoto na masufuria, akahamia kwenye kibanda cha jikoni. Alipopita mbele ya mumewe akasema, "Mpishi, mimi siwezi kuzikwa nikiwa nimelala tu."

Akakaa huko. Bibi yeye alikuwa ameshahamia kwenye kibanda cha kukaushia vigae, maana matawi mabichi, alisema, hayashiki moto. Kwa hiyo mwenye nyumba alikuwa na nyumba isiyolalika, mke jikoni, na mkwe kibandani. Kikohozi cha Bibi kilikuwa kinazidi. Na kusini, juu ya milima, mawingu ya mvua za kwanza yalianza kukusanyika kila alasiri, yakitazama na kuondoka.

Siku mbili Mpishi hakugonga kitu chochote. Hilo lilinitisha kuliko ufa.

Siku ya tatu nilimkuta uani amechutama mbele ya moto. Mama Imelda alikuwa amepika kande kwenye chungu kikubwa, akaenda kisimani. Mpishi alitazama chini ya chungu kwa muda mrefu.

"Mama Mwalimu, chungu hiki kizito au siyo?"

"Kizito."

"Kimeyalalia majivu?"

"Hapana. Kimekaa kwenye mafiga."

"Kimekaa kwenye mafiga," alirudia, akainuka, akaenda zake bila kuaga.

Alirudi jioni na miti ya mikaratusi begani, yeye na mwosha vyombo. Walichimba mashimo ndani ya nyumba, kando ya kuta, wakasimamisha nguzo, wakaweka boriti juu yake, ili uzito wa paa ushuke kwenye nguzo na kuta zisibebe chochote. Seremala alipopita safari hii alisimama muda mrefu. Mwishowe akavua koti akasema mwamba wa juu hauko sawa, na akapanda kuunyoosha. Hakuna aliyemwita.

Lakini vigae vyote vilikuwa vimeteremshwa tena, na mawingu sasa yalikuwa yamefika upande wetu. Mpishi, ambaye alikuwa amekataa msaada tangu mwanzo, alianza kuvipandisha peke yake, vinne vinne, ndani ya aproni. Nilimhesabia safari chache nikaona mvua itamkuta.

Bibi aliniita kutoka kibandani. Sauti yake ilikuwa imekwaruza.

"Mwambie yule bwana ashuke. Akae chini. Asiguse kitu mpaka mimi nirudi."

Nikazunguka. Mpishi alikuwa ameshasikia, ameshashuka, amekaa chini mikono magotini.

Bibi akashika fimbo, akajifunga blanketi, akapita nyumba kwa nyumba. Sikujua aliwaambia nini, Kihehe changu kilikuwa bado kidogo, lakini walitoka. Walitoka wanawake na watoto wao mgongoni, wakatoka wazee, akatoka mume wangu na darasa lake la mwisho. Akawapanga mistari miwili kutoka kwenye lundo la vigae mpaka kwenye ngazi mbili, moja kila upande wa nyumba. Akanituma: "Mwambie, huku kimoja, kule kimoja. Kama mizigo ya punda. Asije tena na uzuri wake wa barabarani."

Nikampelekea maneno hayo yote, na hilo la mwisho pia. Watu wote walikuwa wamelisikia. Mpishi akainamisha kichwa akapanda.

Vigae vilipita mkono kwa mkono siku nzima. Mama Imelda alisimama wa mwisho kwenye mstari wa mashariki, miguu juu ya kipago cha kwanza cha ngazi, akimpokeza mumewe bila kumtazama. Nilimwambia nafurahi kuona wamepatana.

"Navipandisha tu," alisema. "Kulala chini yake sijasema."

Kigae cha mwisho cha mgongoni mwa paa kiliwekwa matone ya kwanza yakianguka. Paa halikulia. Tulisimama tumelowa, tunatazama maji yanavyoteremka kwenye vigae na kumwagika nje ya kuta, na Mpishi juu kule amefungua mikono kama anayeongoza kwaya.

Halafu hakuna aliyeingia.

Wiki nzima aliishi peke yake ndani ya nyumba ile. Aliwapungia watoto mkono dirishani. Alitangaza kwa sauti kila asubuhi kwamba amelala vizuri na hajafa. Mama Imelda alimpelekea chakula, akakiweka kizingitini, akarudi jikoni kwake. Ilifika hatua hata sisi majirani tukaanza kutazama paa kwa mashaka, tukajikuta tukipita mbali.

Alasiri moja mbingu ziligeuka za kijani. Mvua ya mawe ilianza, mawe kama mbegu za parachichi, na kibanda cha matawi kikatoboka mara moja. Sisi tulikuwa tumejazana jikoni kwa Mama Imelda. Tulimwona Bibi ametoka kibandani, kiti kidogo cha magogo amekiweka kichwani. Tukamwita aje kwetu. Hakuja. Alivuka uwanja, taratibu, akaelekea mlango wa mbele wa nyumba ya vigae.

Mama Imelda alishika mkono wangu. Mumewe alikuwa ndani.

Kwa desturi yao mama mkwe haingii chumba alimo mkwe wake. Lakini Bibi hakupiga hodi wala hakugeuka. Alijifunika khanga usoni mpaka kidevuni akasukuma mlango. Na wakati mguu wake unavuka kizingiti, dirisha la nyuma lilifunguka, na Mpishi akatoka kichwa kwanza, akaangukia kwenye tope, aproni imemfunika uso. Alijikusanya akachutama chini ya ukingo wa paa, mgongo ukutani, mawe yakimpiga magoti.

Tulisubiri. Mawe yalipiga vigae kwa nguvu, na tulikuwa tukisikiliza kila mlio tukidhani ndio huo wa kuvunjika. Mpishi alinifanyia ishara. Nikajifunika ungo kichwani nikakimbia mpaka alipo.

"Sikiliza dirishani," alisema, na kwa mara ya kwanza na ya mwisho nikamsikia akinong'ona. "Anafanya nini?"

Nikachungulia. Bibi alikuwa amelala juu ya mkeka katikati ya chumba, ubavu, magoti amekunja, mkono chini ya shavu.

"Amelala."

"Amelala amefumba macho, au amelala anatazama juu?"

"Amelala anakoroma."

Mpishi alichukua ncha ya aproni akajifuta uso, lakini uso ulikuwa na mvua nyingi na sikuweza kujua alikuwa anafuta nini. Tulikaa pale chini ya ukingo mpaka mawe yakaisha. Kisha mlango wa jikoni ulifunguka, na Mama Imelda akavuka uwanja na mikeka yake kwapani na sufuria kubwa kichwani, watoto wakimfuata kwa mstari.

"Baba Imelda," alisema akipita, "utaugua hapo. Nenda kwa Mwalimu ukaote moto."

Bibi aliamka jioni. Akaomba uji. Walimgawia chumba cha pembeni chenye mlango wake wa nje ili wasigongane na mkwe, na kikohozi kikaisha kabla ya Krismasi. Paa lilivuja sehemu moja tu, juu ya kitanda cha Mpishi mwenyewe. Aliweka bakuli. Nilipomuuliza kwa nini hakitengenezi hicho kigae kimoja, alisema kila mtu anajua alivyojivuna barabarani, na ni vizuri awe na kitu cha kumkumbusha. Alikitengeneza mwaka uliofuata, Mama Imelda alipochoka kuanika blanketi.

Watu walikuja kumwomba awafinyangie vigae. Aliwaonyesha kinamasi, akawaazima kalibu, akawapa maneno mengi kuliko waliyohitaji. Kufinyanga hakufinyanga tena hata kimoja. Yake alikuwa ameshaezeka, alisema, kila mtu apande juu ya kwake.

Tulihamia Mbeya mtoto wetu wa pili akiwa anatambaa. Miaka ikapita. Tulikuwa bado hatujapata Uhuru, lakini ulikuwa unazungumzwa kila mahali, hata sokoni, pale asubuhi moja ya Julai nilipokuwa nanunua viazi na nikasikia mtu akibishana na muuza vyungu kwa sauti ya kusikika mpaka stendi. Sikuhitaji kugeuka.

Alikuwa amekuja kumwona Imelda, aliyeolewa huku. Nywele zimekuwa nyeupe. Basi lao lilikwama kwenye vumbi zito karibu na Nyololo, akasukuma pamoja na vijana, akaumia bega, na alikuwa anajivunia bega hilo. Nikampeleka nyumbani. Akasalimia wanangu, akala ndizi zangu bila kunionea huruma, akaniambia habari za wote. Mwosha vyombo amekuwa mpishi. Yeye amestaafu. Mama Imelda hajambo, ananiita mwizi kwa kuondoka na ungo wake.

Nikauliza Bibi.

"Mama ametutoka," alisema. "Mwezi wa tatu."

Nikampa pole. Akapokea, kisha akasogeza kigoda karibu, akatazama kushoto na kulia kama zamani, na nikajua inakuja siri ambayo mtaa mzima utaisikia. Lakini sauti yake haikupanda sana.

"Siku chache kabla, mama Imelda alikwenda hospitali kutafuta dawa. Watoto shambani. Mama yuko peke yake chumbani na hawezi kuinuka. Nikapika uji. Nikaupeleka mpaka mlangoni, nikaweka chini, nikageuza mgongo niondoke. Wewe hupo wa kusema katikati. Nikakohoa ili ajue uji umefika."

"Akaufikia?"

"Mkono ulifika. Nikamsikia anavuta kikombe. Nimeinua mguu kuondoka, akasema, 'Kaa.'"

"Alikuambia wewe?"

"Hapakuwa na mwingine. Miaka yote ile, neno la kwanza. 'Kaa.'"

Nilimngoja. Kwa mtu niliyemjua mimi, maneno yaliyofuata yangejaza kapu.

"Na wewe ukamjibu nini?"

Aliitazama mikono yake.

"Nilikaa," alisema. "Kizingitini, mgongo nimempa yeye, yeye anakunywa. Uji ukaisha, nikasikia kikombe kimewekwa chini. Jua likanifika miguuni, likapanda mpaka magotini. Mimi nimekaa tu."